Mungu Si Kiraka

Liko neno moja linalosemwa sana siku hizi katika mji wetu wa Lubumbashi. Lasemwa mimbarani, lasemwa katika vipaza sauti vya mikutano ya usiku kule Katuba na Kenya, lasemwa katika mabasi, na, jambo la kusikitisha zaidi, lasemwa hata katika madarasa ya katekisimu. Neno lenyewe ni hili: "Wataalamu wa dunia nzima wamejaribu kutengeneza uhai katika chupa, nao wameshindwa. Basi, Mungu yupo." Watu wakisikia hivyo hupiga makofi na kuitikia Amina, kisha hurudi nyumbani wakidhani imani yao imepata nguzo mpya.

Mimi nasema hiyo si nguzo. Ni mti ulioliwa na mchwa. Kwa nje waonekana mzima, lakini siku utakapoegemewa utavunjika, na aliyeuegemea ataanguka pamoja nao. Tena nasema kwamba sisi makatekista, tunaokabidhiwa watoto wa watu ili tuwafundishe ukweli, hatuna ruhusa ya kuwapa mti wa namna hiyo. Namwomba msomaji anivumilie mpaka mwisho, kisha aamue mwenyewe.

WATAALAMU WASEMA NINI

Si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wengi wanaowacheka wataalamu hawajui hata kile wanachokicheka. Basi tuanze hapo.

Mwaka 1924 Mrusi mmoja, Alexander Oparin, alitoa kijitabu. Na mwaka 1929 Mwingereza J. B. S. Haldane akaandika makala. Wawili hao, kila mtu peke yake, walifikia wazo moja. Walisema kwamba dunia ilipokuwa changa, hewa yake haikuwa kama hii tunayoivuta leo, kwa maana haikuwa na oksijeni. Katika hewa ya namna hiyo, nguvu za radi na za mwanga mkali wa jua zingeweza kuunganisha vitu sahili, vikawa vitu vya aina ile inayopatikana katika miili yenye uhai.

Mwaka 1953 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, jina lake Stanley Miller, akiongozwa na mwalimu wake Harold Urey, alilijaribu wazo hilo. Alitia maji, methani, amonia na hidrojeni katika vyombo vya kioo vilivyofungwa, akayachemsha maji, akapitisha cheche za umeme kuwa mfano wa radi. Baada ya siku chache maji yaligeuka rangi, na ndani yake alikuta asidi amino, yaani vile vitu ambavyo protini za mwili hujengwa kwavyo. Miller alifariki mwaka 2007. Mwaka uliofuata wenzake walipima upya chupa alizokuwa amezihifadhi tangu ujana wake, wakakuta humo asidi amino zaidi ya 20.

Ni kweli kwamba baadaye wataalamu wengi walitia shaka juu ya ile hewa ya Miller. Waliona kwamba pengine hewa ya kwanza ya dunia ilikuwa na kaboni dayoksaidi na naitrojeni kwa wingi, na katika hewa hiyo mazao huwa machache. Lakini ushahidi mwingine ulikuja kutoka juu. Mwaka 1969 kimondo kilianguka karibu na Murchison, huko Australia, nacho kilikuwa na asidi amino za namna nyingi ndani yake. Na mwaka 2023 chombo cha Wamarekani kilileta duniani vumbi kutoka jiwe la angani liitwalo Bennu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vumbi hilo lina asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazotumiwa na viumbe, tena zile besi tano ambazo kwazo huandikwa herufi za DNA na RNA, yaani maandishi ya urithi wa kila kiumbe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, matofali yapo. Yanafyatuliwa angani, yanafyatuliwa duniani, wala hakuna mkono wa mtu uliohitajika. Mtu anayesimama leo na kusema kwamba vitu vya mwili haviwezi kutokea bila mwili hasemi kweli.

Hata hivyo lundo la matofali si nyumba. Kila mtu wa mji huu ajua jambo hilo. Mtu hukata udongo wa kichuguu, hufyatua matofali, huyapanga, huyachoma, na baada ya kazi yote hiyo bado analipa kodi ya chumba kwa mtu mwingine. Chembe ndogo kabisa yenye uhai ina maandishi ndani yake, nayo huyasoma, huyatii, huyanakili na kumpa mtoto wake. Na hapo pana fumbo kama lile la kuku na yai. Maandishi hayawezi kunakiliwa bila protini, wala protini haziwezi kutengenezwa bila maandishi. Katika miaka ya 1980 Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha kwamba RNA yaweza kushika maandishi na pia kufanya kazi kama protini, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1989. Hapo watu wengi walidhani kwamba pengine RNA ndiyo iliyotangulia. Mwaka 2009 John Sutherland na wenzake, huko Manchester, walitengeneza herufi mbili kati ya nne za RNA kwa vitu sahili ambavyo vingeweza kupatikana katika dunia changa. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini kutoka herufi kwenda sentensi, na kutoka sentensi kwenda kitabu kinachojinakili chenyewe, njia ingali ndefu.

Mkemia James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ambaye ni mtu wa dini, amewakosoa vikali wenzake kwa miaka kadhaa. Awakumbusha kwamba katika maabara mkemia hununua vitu vilivyo safi, huvichanganya kwa utaratibu, na kuisimamisha kazi wakati ufaao. Nani alifanya hivyo katika dimbwi la zamani? Swali hilo ni halali, na mtu mwaminifu hana budi kulijibu. Tena Craig Venter na wenzake, waliotangaza mwaka 2010 kwamba wametengeneza maandishi yote ya bakteria moja kwa mikono yao, walilazimika kuyatia ndani ya bakteria iliyokuwa hai tayari. Walibadili mwenye nyumba, lakini nyumba waliikuta imesimama.

Basi, hali ndiyo hiyo. Matofali yapo, nyumba bado haijaonekana ikijijenga. Sasa tutazame jinsi wahubiri wetu wanavyoitumia hali hiyo.

KOSA LA KWANZA: HAWAJUI HISTORIA YA KANISA

Wasema kwamba mtu akifundisha kuwa uhai umetoka katika vitu visivyo na uhai, amekwisha kumkana Mungu. Je, waliwauliza wakubwa wetu wa kale?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliamini kama watu wote wa zamani zake kwamba wadudu hutokea katika vitu vilivyooza, bila baba wala mama, kwa nguvu iliyomo katika maumbile. Hakuona hatari yoyote kwa imani. Alisema tu kwamba nguvu hiyo nayo yatoka kwa Mungu. Kabla yake, Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Mungu alitia katika ulimwengu, tangu mwanzo, namna ya mbegu zilizofichika, ambazo zingechipua kila moja kwa wakati wake. Augustino huyohuyo aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi mbele ya wapagani juu ya nyota, wanyama na majira, wasije wakaifanya Injili yenyewe ichekwe. Onyo hilo lina miaka 1600, nasi bado hatujalisikia.

Tena kuna jambo ambalo wahubiri wetu wangeshangaa kulisikia. Katika karne ya 18 ubishi mkubwa juu ya jambo hili ulikuwa kati ya mapadri wawili wa Kikatoliki. Padri John Needham, Mwingereza, alichemsha mchuzi, akauziba, akaona vijidudu baada ya siku chache. Mwaka 1748 akatangaza kwamba uhai umezaliwa humo. Padri Lazzaro Spallanzani, Mwitalia, alimjibu mwaka 1765. Alichemsha muda mrefu zaidi, akaziba vizuri zaidi, wala hakuona kijidudu. Aliyepiga kelele kwamba Needham anawapa nguvu wasioamini alikuwa Voltaire, adui mkubwa wa Kanisa! Mapadri wenyewe walijibizana kwa vyungu na mchuzi. Spallanzani alikuwa na haki, na karne iliyofuata Louis Pasteur, Mkatoliki wa Ufaransa, alilimaliza jambo hilo kwa chupa zake zenye shingo ndefu iliyopinda.

Lakini Pasteur alithibitisha nini? Alithibitisha kwamba vijidudu tunavyovijua havizaliwi katika mchuzi safi kwa siku chache. Hakusema neno juu ya dunia nzima, iliyokuwa na bahari, volkano na miaka milioni mamia. Anayeishika chupa ya Pasteur kana kwamba ni msalaba anaibebesha mzigo usio wake. Na kama kuamini kwamba uhai waweza kutoka katika udongo ni kumkana Mungu, basi na tumwondoe Tomaso wa Akwino katika orodha ya watakatifu. Nani yuko tayari?

KOSA LA PILI: WANAMFANYA MUNGU KUWA KIRAKA

Kila mama ajua kazi ya kiraka. Hushonwa mahali palipotoboka. Nguo ikiwa nzima, kiraka hakina kazi. Wahubiri wanaosema "wataalamu wameshindwa, basi Mungu yupo" wamemshona Mungu katika tundu la elimu. Je, siku tundu litakapozibwa, Mungu atakwenda wapi?

Na matundu huzibwa. Zamani wengi waliamini kwamba vitu vya miili yenye uhai haviwezi kutengenezwa ila na mwili ulio hai. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza urea, kitu kilichomo katika mkojo, bila figo ya mtu wala ya mbwa. Tundu moja likazibwa. Watu walisema pia kwamba katika maji ya zamani fosforasi isingepatikana ya kutosha, maana huwahi kushikwa na chokaa; na bila fosforasi hakuna DNA wala RNA. Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Seattle, Jonathan Toner na David Catling, walionyesha kwamba katika maziwa yenye magadi mengi chokaa hufungwa kwanza na kaboneti, na fosforasi hubaki majini kwa wingi. Katika mifano waliyoitaja limo Ziwa Magadi, huko Kenya kwa jirani zetu. Tundu jingine likapungua.

Mungu anayekaa katika matundu ni kama mpangaji asiye na hati ya nyumba: kila mwezi hufukuzwa chumba kimoja. Huyo siye Mungu wa Kanisa, ambaye mbingu na nchi ni zake, pamoja na yale tunayoyaelewa na yale tusiyoyaelewa.

Tuna mfano wa padri wa kutufundisha hapa, naye ni Mbelgiji, Georges Lemaître wa Louvain. Ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kufundisha, tangu mwaka 1927, kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akasema kwamba ulianza kama kitu kimoja kidogo sana. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pius wa 12 alitoa hotuba iliyokaribia kuyafanya mafundisho hayo yawe ushahidi wa uumbaji. Je, Padri Lemaître alifurahi? Hapana. Hakupendezwa, akafanya bidii ili jambo hilo lisirudiwe. Alijua kwamba elimu hubadilika, na imani isifungwe kwa kamba ya elimu, hata kamba hiyo ikiwa imesokotwa na mikono yake mwenyewe. Naye alikataa kufunga imani kwa ushindi wa elimu. Sisi twaifunga kwa kushindwa kwa elimu, tukidhani tuna hekima kumshinda.

KOSA LA TATU: MFANO WA VYUMA VIKUUKUU

Watu wapenda sana mfano mmoja: kimbunga kikipita juu ya lundo la vyuma vikuukuu hakiwezi kuunda ndege. Mfano huo ulitoka kwa Fred Hoyle, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, ambaye wala hakuwa mtetezi wa dini yetu. Hapa kwetu wameugeuza: upepo ukivuma juu ya vyuma chakavu vya migodini hauwezi kuunda lori. Watu hucheka, na jambo laonekana limekwisha.

Halikwisha. Chuma chakavu hakijali kinalala karibu na nini. Atomu hazifanyi hivyo. Kila mtu wa nchi hii ya shaba aweza kushuhudia. Yeyusha mrututu katika maji ya moto, acha maji yapoe na kukauka polepole, nawe utaona vipande vya buluu vimejipanga kwa pembe zilizonyoka, kila kipande kwa umbo lilelile. Nani alizikata pembe hizo? Hakuna fundi aliyeingiza mkono. Ndivyo ilivyo asili ya mrututu. Tazama tena sabuni. Asidi za mafuta, jamaa za sabuni ya mawese, zikiwekwa katika maji yanayozifaa, hujipanga zenyewe kuwa vifuko vidogo vyenye ngozi ya tabaka mbili, mfano wa ngozi ya chembe hai. Vitu vya namna hiyo vilipatikana hata katika kile kimondo cha Murchison, navyo vilifanya vifuko vilipotiwa majini.

Sisemi kwamba mrututu una uhai, wala kwamba kifuko cha sabuni ni kiumbe. Nasema kwamba mwenye kufananisha atomu na vyuma vikuukuu hajazijua atomu, na mwanafunzi wa darasa la kemia, ile ambayo watoto wetu huiita shimi, atamgundua kwa dakika moja. Tena hakuna mtaalamu anayesema kwamba siku moja mchana mtu au kuku alitoka mzima katika matope. Wasema kwamba kilichoanza kilikuwa kitu sahili kuliko bakteria, na kwamba kilikuwa na muda ambao akili zetu haziwezi kuuhesabu.

Na muda huo tumekalia juu yake. Wachimbaji na wahandisi wa Katanga walijua jiwe moja gumu lenye matundu, waliitalo kwa herufi tatu, R.S.C. Kule Kolwezi na Fungurume lipo kati ya tabaka mbili zenye shaba. Wanajiolojia wamelichunguza, wakaona kwamba asili yake ni stromatoliti, yaani mwamba uliojengwa kidogo kidogo na vijidudu katika bahari ya kina kifupi iliyoifunika nchi hii zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Kule Pilbara, Australia, ziko stromatoliti zenye umri wa karibu miaka bilioni 3.5, na dunia yenyewe ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Mhubiri anapiga mguu chini na kusema, "Jiwe na uhai havina undugu!" Kumbe nchi yetu ina mawe yaliyojengwa na viumbe hai.

NENO KWA WANAOJIVUNA

Wasomaji wengine watafurahi wakidhani nimekwenda upande wao. Wapo vijana wetu waliosoma kidogo ambao husema, "Kemia imekwisha kueleza uhai, Mungu hana kazi tena." Nao wasikie neno lao.

Kwanza, haijaeleza. Nimekwisha kuonyesha mahali ilipofika. Wengine wasema uhai ulianza katika madimbwi ya nchi kavu yaliyokauka na kujaa tena. Wengine wasema ni katika chemchemi za moto chini ya bahari, zile zilizogunduliwa mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos. Wengine wasema RNA ilitangulia, wengine wasema moto wa mwili, yaani kazi ya kula na kutumia nguvu, ndio uliotangulia. Wakubwa wangali wanashindana, nawe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza umekwisha kumaliza kesi? Wengine hudhani kwamba penye maji, joto na chumvi hapakosi uhai. Na watazame Dallol, kule Ethiopia, penye madimbwi ya moto, ya chumvi na ya asidi kali. Mwaka 2019 wataalamu walioyapima walisema kwamba katika yale makali kabisa hawakuona kiumbe kinachoishi, ingawa kundi jingine lilidai mwaka huohuo kwamba limeona alama za vijidudu.

Pili, hata siku kemia itakapoeleza yote, itakuwa imeeleza njia. Haitakuwa imeeleza kwa nini kuna kitu chochote cha kupita njia hiyo, wala kwa nini atomu zina asili inayozaa mpango badala ya fujo. Maswali hayo hayapimwi kwa mizani ya maabara. Anayesema kwamba maabara imeyajibu amefanya kosa lilelile la mhubiri: yeye naye ameshona kiraka, ila cha rangi nyingine.

MAMA AMETUTANGULIA

Basi, imani yafundisha nini? Tusiende mbali. Mwulize mama yeyote wa mji huu aliyejifungua juzi, "Mtoto huyu umempata wapi?" Atakujibu, "Mungu amenipa." Lakini mama huyohuyo alikwenda kupimwa kila mwezi, akameza vidonge vya damu, akajifungulia mikononi mwa mkunga. Ajua kwamba mtoto alitokana naye na mumewe. Daktari aweza kumweleza jinsi alivyokua tumboni, juma kwa juma. Je, umepata kumsikia mama akisema, "Kwa kuwa daktari anajua jinsi mtoto anavyoumbika, basi Mungu hakunipa"? Au umepata kumsikia padri akisema, "Madaktari hawajui mtoto anavyoumbika, basi Mungu yupo"? Hakuna. Mama huyo ameelewa kile ambacho wahubiri wengi hawajakielewa. Mungu na maumbile hawagawani kazi kama vibarua wawili, huyu afanye nusu na yule nusu. Katika seminari tulifundishwa kwa maneno mazito: sababu ya kwanza na sababu za pili. Mama analisema neno lilelile kwa maneno mepesi.

Ikiwa ndivyo ilivyo kwa kila mtoto anayezaliwa leo, kwa nini isiwe hivyo kwa uhai wa kwanza? Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Mungu aliiamuru ardhi itoe majani, na ardhi itoe wanyama. Aliyeiamuru hakosi kuipa nguvu ya kutii. Kama mkemia siku moja ataonyesha jinsi ardhi ilivyotii, Mkristo atashukuru kwa kujua zaidi kazi ya Muumba wake. Kama hataonyesha, Mkristo hatapungukiwa na kitu.

Najua swali linalofuata: "Je, na roho ya mtu nayo imetoka katika mchuzi?" Hapana. Kanisa limelitenga jambo hilo wazi. Baba Mtakatifu Pius wa 12, katika barua yake Humani Generis ya mwaka 1950, aliwaruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu umetokana na viumbe hai vilivyotangulia, akashika kwamba roho za watu huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo wa 2 aliwarudia wataalamu na fundisho hilohilo. Roho haipimwi kwa chupa, wala aliyeshindwa chupani hakuithibitisha. Bakteria ni jambo moja. Mtu anayeweza kumjua na kumpenda Muumba wake ni jambo jingine.

YATUPASA KUFANYA NINI

Jambo hili si la kuchezea, hasa hapa kwetu. Nchi yetu yaishi kwa kemia. Tangu tanuru la kwanza la Lubumbashi lilipowashwa mwaka 1911, mkate wa watu wengi umetoka katika asidi, moto na mawe ya kijani. Twauza akiba zetu ili watoto wasome sayansi pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wapate kazi Likasi na Kolwezi. Kisha Jumapili twawaambia kwamba masomo hayo ni adui wa Mungu. Kijana hupewa mabwana wawili wanaotukanana, naye hulazimika kumchagua mmoja. Akichagua dini huacha akili yake mlangoni. Akichagua kitabu huacha ubatizo wake. Na siku atakaposoma juu ya Miller, juu ya Bennu, juu ya Sutherland, atajua kwamba katekista wake hakumwambia ukweli wote. Akiona kwamba tulimdanganya juu ya chupa, kwa nini atuamini juu ya Ufufuko? Kijana huyo hakuibiwa na wapagani. Tulimfukuza sisi wenyewe.

Kwa hiyo nawaomba makatekista wenzangu mambo matatu. Kwanza, tuache kabisa kusema kwamba Mungu yupo kwa sababu wataalamu wameshindwa. Pili, kijana akiuliza jinsi uhai ulivyoanza, tusimkemee wala tusimpe hadithi. Tumwambie yanayojulikana, tumwambie yasiyojulikana, tumpeleke kwa mwalimu wake wa kemia bila hofu. Tatu, tumfundishe kumtafuta Mungu katika yale anayoyaelewa: katika mrututu unaojipanga, katika mtoto anayekua tumboni, katika akili yake mwenyewe inayoweza kusoma jiwe la miaka milioni 700. Huko hakuna mtaalamu atakayemfukuza, kwa maana kila anachokigundua mtaalamu kilikuwa mali ya Mungu kabla ya kugunduliwa.

Ndugu wapendwa, mkemia mmoja akifaulu kesho katika chupa yake, kengele za kanisa zilie kama kawaida na Misa isomwe saa ileile. Ikiwa imani yetu haiwezi kungoja habari hiyo kwa utulivu, tuirekebishe sasa, kabla watoto wetu hawajaiaibikia.